Kule Alikosema Amekwenda

Kaka yangu alifia shimoni Geita mwaka niliovunja ungo. Habari zililetwa na mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, na pamoja na habari akaleta blanketi la marehemu, sufuria moja na shati. Mwili haukuja. Tuliambiwa mwamba uliporomoka asubuhi, wakamfukua jioni, wakamzika huko huko kesho yake. Baba alilikunja lile blanketi, akalitia ndani ya kihenge cha nafaka kilichokuwa kitupu mwaka ule, akakifunika. Tangu siku hiyo neno Geita halikutamkwa uani kwetu. Mtu akijisahau akalitaja, baba aliinuka akaenda kutazama ng'ombe, hata kama ni mchana na ng'ombe wako malishoni.

Miaka mitatu baadaye akaja kijana wa kijiji cha pili kuniposa. Mambo ya mahari wazee waliyamaliza siku moja. Kisha baba akasema liko jambo lingine, nalo si la ng'ombe.

"Binti yangu simwozi mtu wa shimoni," alimwambia. "Ukitaka kazi ya mshahara, nchi hii ni kubwa. Nenda unakotaka. Lakini Geita usiende. Niapie mbele ya baba yako."

Kijana akaapa. Mimi nilikuwa jikoni na mama, nikaisikia sauti yake ikisema maneno hayo bila kusitasita. Nilianza kumpenda kwa ajili ya sauti ile.

Miaka miwili ya kwanza tulilima pamba na mtama kwenye mbuga ya udongo mweusi chini ya kijiji, tukapata mtoto wa kike. Mwaka wa tatu mvua zilikatika mapema. Mtama ulikauka ukiwa haujafika magotini. Wanaume wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda Isaka kupanda treni, na mume wangu naye akaniambia anakwenda Tanga kukata mkonge.

Alirudi na mvua za kwanza. Alikuwa amekonda, ila hakuja mikono mitupu: mimi aliniletea doti ya kanga, baba akamletea shuka nyeusi. Jioni ile alikwenda kumsalimu baba, wakaketi kwenye shikome, ule moto wa uani ambao wanaume huota jioni. Sisi wanawake tulisikiliza kutoka mlango wa jiko. Baba akamwuliza Tanga kukoje.

"Kuna maji ya chumvi, baba, hayana ng'ambo," alisema. "Asubuhi yanaondoka yenyewe. Yanarudi nyuma kama kutoka hapa hadi kisimani, na watu wanatembea palepale yalipokuwa, wanaokota kaa. Jioni yanarudi."

"Yanakwenda wapi?"

"Hata wenyeji hawajui. Wanasema mwezi ndio unayavuta."

Baba alicheka. Mama aliacha kusonga ugali, akanitazama. Tangu kaka afe tulikuwa hatujamsikia baba akicheka.

Ikawa hivyo kila mwaka. Baada ya mavuno mume wangu aliondoka, mvua zikikaribia akarudi, na jioni ya kwanza ilikuwa ya baba. Mwaka wa pili alisema alikuwa Moshi, kwenye mashamba ya kahawa. Alieleza mlima wenye kilele cheupe kama pamba iliyopasuka, na mifereji ambayo wazee hugawana maji yake kwa zamu, na mtu akiiba zamu ya mwenzake hutozwa pombe ya ndizi. Jambo hilo la zamu baba alilizungumza na majirani mwezi mzima. Mwaka wa tatu ilikuwa Bukoba, ambako watu hawaombi mvua inyeshe, wanaomba iache, na hukaanga panzi wa kijani wakala kama karanga. Mwaka wa nne alisema alikwenda mbali kusini, kung'oa visiki kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, na akafika Newala, juu ya uwanda usio na maji. Wanawake wa kule hushuka mteremko na mitungi alfajiri, wakapanda tena jua likiwa utosini.

"Kumbe wapo wenye shida kuliko sisi," baba alisema, na siku hiyo hakucheka.

Kutoka Newala aliniletea chanuo cha mpingo, meno yake membamba na sawasawa. Kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua. Alikohoa kikohozi kikavu, cha asubuhi. Alisema ni baridi ya Moshi, haijamtoka.

Kila safari alituma barua moja au mbili. Mwenyewe hakujua kuandika, aliandikiwa. Nami sikujua kusoma, nilisomewa. Barua zilifikia misheni, na katekista, mzee wa makamo aliyefundisha dini kijijini kwetu, alinisomea barazani kwake. Alisoma polepole, akirudia mahali ambapo mume wangu aliwauliza watoto hali. Akimaliza alinipa barua na bahasha yake. Nilizitunza zote ndani ya kapu la mbegu.

Mwaka wa tano, mume wangu akiwa safarini, misheni ilifungua darasa la kina mama, alasiri mara tatu kwa juma. Nilikwenda kwa sababu jirani yangu hakutaka kwenda peke yake. Yeye aliacha baada ya mwezi, mimi nikaendelea. Sikuwa mwepesi. Lakini siku moja, nikiwa nyumbani natafuta mbegu za maboga, mkono wangu ukatoa bahasha, na macho yakasoma yenyewe, kabla sijayatuma. Juu ya stempu kulikuwa na muhuri wa mviringo, na ndani ya mviringo neno. Herufi tano.

Nikatoa bahasha nyingine. Nikazipanga zote sakafuni, ya Tanga, ya Moshi, ya Bukoba, ya Newala. Mihuri mingine ilikuwa imefifia, lakini iliyosomeka yote ilisema neno moja. Geita.

Sikulia. Nilizirudisha kapuni, nikamalizia kupika, nikawalisha watoto wawili, maana wakati huo alikuwapo na wa kiume. Kesho yake nikaenda kwa katekista na bahasha moja mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Imekuja barua nyingine?"

"Ni ile ya mwaka juzi. Naomba unisomee hapa." Nikamwekea kidole kwenye muhuri.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu.

"Barua nilikusomea kama ilivyoandikwa," alisema. "Muhuri haumo ndani ya barua."

"Ulijua miaka yote hii."

"Nilijua. Nikajiuliza, nikimwambia atapata nini? Mumeo angebaki shimoni, na wewe usingelala. Kama nilikosa, Mungu ananiona." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama baba yangu anajua.

Nilimwambia hajui, na asijue.

Nilimdanganya baba kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilisema shangazi wa mume wangu anaumwa huko Mwanza, hana wa kumwuguza. Niliwaacha watoto kwa mama, nikafunga michembe kwenye kanga, viazi vilivyokaushwa visivyoharibika njiani, nikatembea hadi Isaka. Kituo kilikuwa nyumba moja na miti michache, na watu wengi wamekaa juu ya mizigo yao. Sikuwahi kupanda treni. Nilikaa behewa la daraja la tatu kati ya mwanamke mwenye kuku na mzee aliyesinzia begani kwangu mpaka tukapita Shinyanga. Nje ilikuwa mbuga ileile niliyoijua, minyaa ileile, ng'ombe walewale, saa baada ya saa. Nilikuwa nimedhani safari huonyesha mtu mambo mapya.

Mwanza niliona mawe makubwa yaliyopandana, na ziwa. Nilisimama ufukweni na mzigo wangu, nikakumbuka yale maji ya chumvi yasiyo na ng'ambo. Nikachota kwa kiganja, nikaonja. Yalikuwa maji tu. Asubuhi iliyofuata nikavuka kwa motaboti, na upande wa pili nikapata lori la magunia ya unga lililokuwa likienda kambi ya mgodi, Geita. Dereva alinikalisha juu ya magunia. Barabara ilipanda kwenye vilima vya mawe mekundu, na nilipoteremka alasiri nilikuwa mwekundu mimi pia.

King'ora kililia. Wanaume wakaanza kutoka kwenye lango la mgodi, makumi kwa makumi, wote wa rangi moja, kijivu kutoka nywele hadi miguu, na taa ndogo kwenye kofia. Niliwatazama wakipita mbele yangu na sikumtambua hata mmoja. Nadhani mume wangu alikwisha kunipita ndipo mwenzake mmoja akasimama kumtazama mwanamke mgeni, naye akageuka. Aliponiona hakuja. Alikaa chini, palepale njiani, na wenzake wakawa wanamzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Nikamwendea mimi.

"Baba watoto," nikasema.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Nimejifunza kusoma."

Alielewa. Aliinamisha kichwa, akakohoa muda mrefu, na mate aliyotema yalikuwa ya kijivu.

Alilala chumba kimoja na wanaume watatu. Mmoja alitoka Bukoba, mmoja Upare, na mmoja Newala, mtu mfupi mkimya mwenye chale usoni. Waliondoka kwenda kulala kwa wenzao ili kutuachia chumba, lakini kwanza walipika, kwa sababu mgeni hapewi maneno matupu. Yule wa Newala aliketi mlangoni akichonga kipande cha mpingo kwa kisu kidogo. Nikaangalia mikono yake, nikajua chanuo changu kilitoka wapi.

"Shemeji," alisema bila kuinua macho, "mumeo ametuchosha kwa maswali. Kwenu mnakula nini? Maji mnateka wapi? Mvua inatoka upande gani? Nikadhani anataka kuhamia. Kisha nikaacha kumjibu."

"Kwa nini?"

"Mwaka wa sita huu sijafika kwetu. Nikimweleza yeye, mimi ndiye nisiyelala."

Yule wa Upare alisema mambo ya Moshi na ya mifereji yalikuwa yake, maana alikulia jirani na kule. Habari za Tanga zilitoka kwa mtu mwingine aliyekuwa akilala kitanda cha pembeni. Nikauliza yuko wapi sasa. Wakaanza kugawa ugali.

Tulipobaki wawili nilimwuliza mume wangu swali moja tu.

"Siku ile ulipomwapia baba, ulikuwa unamdanganya?"

"Hapana. Siku ile nilikuwa nasema kweli." Alizungumza akitazama mikono yake. "Nilifika Isaka nikitaka kwenda Tanga. Aliyekuwa anaandikisha manamba wa mkonge akaniambia nikiingia, kurudi ni baada ya miaka miwili. Mtoto alikuwa hajaanza kukaa. Nikakaa kituoni nafikiri. Treni ya kwenda Mwanza ikafika kwanza. Hapa mtu akimaliza kipande chake, ile kadi ya siku za kazi, anaruhusiwa kwenda kulima. Nikasema mwaka mmoja tu. Niliporudi baba akaniuliza Tanga kukoje, ningesema nini? Halafu akacheka. Ulimsikia alivyocheka."

"Nilimsikia."

"Basi."

Jumapili ngoma zilipigwa pembe nne za kambi, kila watu ngoma yao, na upepo ukazichanganya. Mume wangu alinichukua nyuma ya kambi, kwenye uwanja wa makaburi. Yalikuwa vilima vidogo vya udongo mwekundu, kila kimoja na kijiti cha chuma chenye namba, na mengi yalikuwa yameota majani. Moja lilikuwa limepaliliwa, limezungushiwa mawe meupe.

"Nilimwuliza nyapara mmoja mzee, akakumbuka namba," alisema. "Hapa ndipo nilipokuja siku ya kwanza, kabla sijaandikishwa."

Niliketi karibu na kaka yangu. Nilitaka kumkasirikia mume wangu, nilikuwa nimebeba hasira hiyo kutoka Isaka, lakini sikuiona tena. Kilichobaki kilikuwa kizito zaidi. Nilijua kwamba kaburi hili lilitunzwa, na kwamba mtu pekee aliyestahili kuambiwa hivyo ndiye nisiyeweza kumwambia.

Nilikaa siku tano. Nilimwomba turudi wote. Alisema amalizie kipande alichokwisha kukianza, kisha atakuja na hataondoka tena. Nikarudi peke yangu. Baba alinipokea uani, akauliza hali ya mgonjwa, nikasema ameanza kupata nafuu.

"Na mkwe wangu ameandika? Mwaka huu yuko wapi?"

Mdomo wangu ukafunguka, nikasikia ukisema Kigoma. Nikamweleza wavuvi wanaowasha mioto juu ya ziwa ili dagaa waje kwenye mwanga, jambo nililolisikia kambini kwa wanawake wa huko. Nilitia na chumvi kidogo. Baba alinisikiliza kwa furaha, na mimi nikaelewa jinsi mume wangu alivyoweza kufanya hivyo miaka yote. Neno la kwanza ndilo gumu.

Mvua zilikuja mume wangu hajafika. Alirudi kabla ya mavuno. Daktari wa mgodi alikuwa amempa karatasi inayosema asishuke tena. Mwendo wa kutoka Isaka, ambao sisi tulitembea kuanzia asubuhi hadi mchana, ulimchukua siku mbili. Alikuwa na miaka kama thelathini na tatu, na alitembea na fimbo.

Baba alikuja kumtazama kila siku. Aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda, akataka kusikia habari za Kigoma, na kama haiwezekani, basi zile za zamani, za Tanga au za mifereji. Mume wangu hakuwa na pumzi. Kwa hiyo nilisimulia mimi, naye akatikisa kichwa kukubali. Mahali nilipokosea alinyosha kidole, nikaanza upya. Tulifanya hivyo kwa majuma kadhaa, na sijui kama baba aliwahi kushangaa kwamba nilikumbuka yote.

Mume wangu alikufa wakati wa kipupwe, alasiri, nikiwa namkanda mgongo. Msibani baba aliwaambia watu kwamba mkonge ndio uliomwua, vumbi la mkonge, na kwamba laiti asingemruhusu kwenda mbali namna ile. Alijilaumu mbele ya watu. Nilikuwa nimeketi mkekani na kina mama, na nilinyamaza.

Labda ningenyamaza mpaka leo. Lakini mwaka uliofuata mdogo wa mume wangu alikuja kutuaga. Baba alikuwapo. Kijana alisema ameshaamua kwenda kutafuta kazi. Tanga hataki, maana mkonge umemmaliza kaka yake. Atakwenda karibu, Geita, ambako watu wanarudi kulima.

Baba alianza kuinuka. Nikamwambia, "Baba, keti."

Sikuwahi kumwambia baba yangu keti. Labda kwa mshangao tu, akaketi. Nikawaambia yote, kuanzia muhuri mpaka chumba cha watu wanne na lile vumbi la kijivu. Nilimwambia kwamba mkonge mume wangu hakuwahi kuuona. Nilimwambia kwamba nami nilimdanganya, shangazi wa Mwanza na Kigoma na mengine. Kijana alitazama chini. Baba alinitazama mimi mpaka nilipomaliza, na uso wake haukubadilika.

"Kaburi la mwanangu umeliona?"

"Nimeliona, baba."

"Liko namna gani?"

"Lina mawe meupe pande zote. Mkweo ndiye aliyekuwa akilipalilia."

Baba akachukua fimbo yake, akaenda kutazama ng'ombe.

Yule kijana aliniuliza, "Basi niende wapi, shemeji?" Nilikuwa sina mji wa kumtajia. Aliondoka mwisho wa mwezi, akapanda treni ya Tabora, na alirudi kutoka Tanga baada ya miaka mitatu akiwa amekatwa kidole kimoja na mashine.

Baba hakusema nami mpaka mavuno. Nikimpelekea maziwa aliyapokea na kuyaweka chini. Mama aliniambia nivumilie. Kisha siku moja akatuma mtu aniite nikamsaidie kupura mtama. Tulipura tangu asubuhi, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, na makapi yakatujaa nywele. Jua lilipokuwa kali tukakaa kivulini mwa ghala, akaniuliza kwenda Geita ni siku ngapi.

Nikamweleza: kutembea hadi Isaka, treni, kulala Mwanza, kuvuka, lori. Alihesabu kwa vidole.

"Tukimaliza kupura tutakwenda," alisema.

Tulimaliza kupura. Miguu yake ilianza kuvimba juma lilelile, na akasema tungoje itulie. Haikutulia. Mvua zilipoanza alikuwa hawezi kufika hata kisimani, na kiangazi kilichofuata tulimzika kando ya zizi. Hatukwenda.